Baiskeli Kwanza, Boda ya Umeme Baadaye

Wanachuo wenzangu, kila Juni ikifika siku ya mazingira tunaambiwa yale yale: acha gari lako nyumbani, panda usafiri wa umma. Ushauri mzuri, ila huwa najiuliza anaambiwa nani. Wengi wetu hapa gari la kuacha hatuna. Tunagombania daladala, boom likiingia tunapanda boda, likiisha tunatembea. Kwa hiyo naomba tuuangalie usafiri safi kutokea chini, kwa mtu asiye na gari kabisa. Mfano wangu ni nyumbani, Isansa, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe.

Kule usafiri ni boda. Siisemi vibaya, maana mama mjamzito usiku wa manane hana gari lingine la kumfikisha zahanati. Ninayoiongelea ni boda ya kwenda shule.

Tuchukue mwanafunzi wa sekondari anayekaa kilometa 6 kutoka shuleni. Boda inampeleka na kurudi tupu, jioni inamfuata na kumrudisha. Hizo ni kilometa 24 kwa siku. Pikipiki ya cc 125 kwenye barabara ya vumbi, tuseme inakwenda kilometa 40 kwa lita, basi inakula lita 0.6. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa. Utauliza, lita yenyewe haifiki hata kilo moja, hizo kilo mbili na ushee zinatoka wapi? Ni kwamba kaboni iliyo kwenye petroli inaungana na oksijeni ya hewani, na oksijeni ndiyo yenye uzito mkubwa hapo. Kwa siku 190 za masomo unapata zaidi ya kilo 250 kwa mwanafunzi mmoja.

Sasa linganisha na basi la Tunduma kwenda Dar, kilometa zaidi ya 900. Likitumia lita 30 za dizeli kwa kila kilometa 100 na likabeba watu 50, kila abiria anabeba mzigo wa kilo 15 hivi. Yaani yule mtoto wa kilometa 6 kwa mwaka anachafua sawa na abiria aliyesafiri hadi Dar mara 17! Safari ndefu ndiyo inayotutisha, kumbe hizi fupi za kila siku ndizo zinazokusanya.

Lakini kiukweli hewa ukaa siyo kinachoninyima usingizi. Mzazi wa kulipia boda kila siku ni wachache. Msichana anayetembea kilometa 6 asubuhi na 6 jioni, akichoka, atapewa lifti, na sote tunajua lifti nyingine hulipwa kwa nini. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu binti aliyejifungua kurudi shuleni, jambo jema sana. Mimi ningependa tuanzie nyuma zaidi, pale barabarani.

Na hapa ndipo baiskeli inapoingia. Jimbo la Bihar, India, lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wanaoingia sekondari hela ya kununua baiskeli, na uandikishaji wao ukapanda kwa karibu theluthi. Karibu na sisi zaidi, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, Zambia wamekuwa na mpango wa kuwapa wanafunzi wa vijijini baiskeli. Watafiti waliufuatilia wakakuta muda wa njiani kwa wasichana umepungua kwa karibu theluthi na utoro kwa zaidi ya robo. Kilichonivutia Zambia siyo baiskeli zenyewe. Walifundisha mafundi wa hapo hapo kijijini na kuunda kamati za kuzisimamia, na mwanafunzi anaimiliki baiskeli kwa kuhudhuria masomo. Bila hivyo, mwezi wa tatu ungeikuta imebeba mkaa sokoni.

Kwa anayetaka kununua, ya kwake au ya mdogo wake: usihangaike na zile za gia nyingi na tairi nyembamba, kwa barabara zetu utalia. Tafuta yenye fremu ya chini, ambayo mtu mwenye sketi anapanda bila kurusha mguu, keria ya chuma, na tairi ambalo fundi wa sokoni analo. Kabla hujalipa, muulize fundi wa kijijini kwenu kama spea zake zinapatikana. Halafu nunua pampu na viraka siku hiyo hiyo. Tairi lenye upepo mdogo linakuchosha na linapata pancha haraka. Cheni ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kila wiki ya kiangazi, vumbi la Mbozi halina huruma, kisha tone dogo la oili. Ukiimwagia oili nyingi unatengeneza tope.

Na boda za umeme? Nazipenda. Kigali tangu Januari 2025 haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa biashara ya abiria. Kwetu umeme mwingi unatokana na maji na gesi, na Bwawa la Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115, kwa hiyo boda ya umeme Tanzania itakuwa safi kweli. Ila inataka vituo vya kubadilishia betri, na vituo huanzia mjini kwenye wateja wengi. Anayesubiri kijijini, mwenye boda ya petroli asafishe chujio la hewa na ajaze tairi upepo, mafuta yatapungua kidogo.

Mtakaokwenda TP mwaka huu, mkifika shuleni pitieni pale zinapoegeshwa baiskeli, kama pana kivuli na kufuli au zimelazwa tu kwenye majani. Hesabuni ni ngapi, kisha ulizeni ngapi ni za wasichana. Shule niliyofundisha mimi zilikuwa kumi na moja. Za wasichana mbili, na moja haikuwa na cheni.