Zahanati ni ya Kanisa au ya Serikali? Swali la Zamani Linalorudi Mkoani Mara

Katika ziara zetu kwa kamati za sharika za Musoma mjini, Bunda na Butiama, swali moja limerudiwa karibu kila tulipokaa. Mzee mmoja wa Bunda aliliuliza hivi: "Mratibu, kama serikali imeshajenga kituo cha afya hapo ng'ambo ya barabara, sisi tunachanga saruji ya zahanati ya nini?" Mwinjilisti alijaribu kumjibu kwa andiko, lakini mzee alikuwa anauliza habari ya fedha. Wafadhili wetu nao wameuliza lilelile kwa barua, kwa lugha ya upole zaidi. Kwa kuwa jibu la dakika tano halikumtosha mzee yule, nimeona nilieleze hapa kwa urefu kidogo.

Kwanza tujue kwamba swali hili si letu peke yetu, wala si jipya. Waingereza waliotutawala waligombana juu yake miaka zaidi ya mia moja iliyopita. Mwaka 1909 Beatrice Webb na wenzake, katika tume iliyochunguza sheria ya maskini, walitaka matibabu ya wasio na uwezo yawe chini ya mamlaka za afya za serikali za mitaa. Waziri wa Fedha wa wakati ule, David Lloyd George, akachukua njia nyingine: bima. Kwa Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911, mfanyakazi mwanamume alikatwa peni 4 kwa wiki, mwajiri akaongeza peni 3 na serikali peni 2. Chama cha madaktari kilipinga vikali, kikaapa kwamba wanachama wake hawatahudumu. Mwisho wa mwaka 1912 malipo yao yalipoongezwa, wengi walijiandikisha, na Januari 1913 matibabu yakaanza.

Jambo la kuangalia ni nani aliyesimamia bima ile. Serikali haikuiendesha yote yenyewe. Ilipitia vyama vilivyoidhinishwa, na miongoni mwake vilikuwamo vyama vya kusaidiana vya wafanyakazi, vile ambavyo watu walichanga kidogo kidogo ili wasaidiane katika ugonjwa na mazishi. Tuna vya namna hiyo katika kila mtaa wa usharika. Lakini bima ile ilikuwa na tundu kubwa: ilimtibu mfanyakazi, ikawaacha mke wake na watoto, isipokuwa fedha kidogo wakati wa kujifungua. Matibabu ya kulazwa hospitali nayo hayakuwamo. Hivyo mama mwenye mtoto mgonjwa alibaki kutegemea hospitali za hisani, na nyingi kati ya hizo zilikuwa na mizizi katika kanisa. Tundu hilo lilizibwa tarehe 5 Julai 1948, serikali ilipochukua hospitali, zikiwamo za hisani, na kuanzisha huduma ya afya ya taifa isiyolipiwa mlangoni.

Mwaka uliofuata, 1949, kijana kutoka Butiama alikwenda kusoma Edinburgh. Mwalimu Nyerere alikaa huko hadi 1952, wakati Waingereza wenyewe wakiwa bado wanaizoea huduma hiyo. Sitaki kusema kwamba Azimio la Arusha lilitoka Edinburgh, maana Mwalimu alikuwa na mawazo yake. Lakini aliona kwa macho nchi ambayo mgonjwa haulizwi fedha kwanza. Na alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, alifia katika hospitali ya St Thomas' jijini London, iliyoanzishwa na watawa karne nyingi zilizopita na kuchukuliwa na serikali mwaka ule wa 1948.

Huku kwetu hospitali nyingi za mwanzo nje ya miji zilikuwa za misheni. Wamennonite walifika Shirati mwaka 1934, na hospitali waliyoijenga inatibu watu wa Rorya na Tarime mpaka leo. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliongeza ruzuku kwa hospitali za misheni. Ilikuwa nafuu kuliko kujenga zake. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, sehemu kubwa ya vitanda ilikuwa mikononi mwa makanisa, na vilikaa pale wamisionari walipochagua, si lazima pale wagonjwa walipokuwa wengi. Tukubali ukweli huo.

Mwaka 1964 timu iliyoongozwa na Profesa Richard Titmuss wa London, mtetezi mkubwa wa huduma ya afya ya taifa kule kwao, ilitoa taarifa juu ya huduma za afya za Tanganyika. Ilisisitiza vituo vya afya vijijini na kinga kabla ya tiba, na ilitaka kazi ya mashirika ya hiari iunganishwe katika mpango mmoja wa nchi. Ngazi tunayoijua leo ya zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya inafanana sana na mawazo hayo.

Kisha likaja Azimio la Arusha la 1967. Wazee wetu wanakumbuka hofu ya miaka ile, hasa baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 kuziweka shule za misheni zilizopata ruzuku mikononi mwa serikali. Watu walisema hospitali zinafuata. Bugando, hospitali ya rufaa ambayo sisi wa Mara tunaijua vizuri kwa nauli ya Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971, na mwaka 1972 ikawekwa chini ya serikali. Maaskofu Katoliki walirudishiwa uendeshaji kwa makubaliano ya mwaka 1985. Mwaka 1977 sheria ilizuia matibabu ya binafsi ya kutafuta faida, lakini ikaacha mlango wazi kwa mashirika ya dini. Hospitali nyingi za kanisa hazikuchukuliwa. Kwa maoni yangu sababu haikuwa huruma tu. Madaktari na dawa za hospitali hizo vililipiwa kwa sehemu kubwa kutoka nje, na serikali isingeweza kuubeba mzigo huo wote kwa mara moja.

Badala ya kutaifisha, ilipatikana njia ya kati: Hospitali Teule ya Wilaya. Mahali ambapo wilaya haikuwa na hospitali ya serikali, ya kanisa iliteuliwa kufanya kazi hiyo. Kanisa likabaki na umiliki, serikali ikalipa watumishi na ruzuku ya uendeshaji, na mgonjwa akapokewa kama katika hospitali ya serikali. Hapa mkoani tumeizoea njia hiyo kwa Hospitali Teule ya Bunda na ile ya Nyerere kule Mugumu. Mwaka 1992 serikali ilitia saini hati ya makubaliano na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ambayo KKKT ni mwanachama wake, pamoja na Baraza la Maaskofu Katoliki. Hapo ndipo ilipozaliwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Mwaka mmoja kabla, sheria ya 1977 ilikuwa imelegezwa, na mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza uchangiaji wa gharama.

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Sera ya serikali ni kwamba mama mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano, na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vyake. Zahanati ya kanisa isiyo na mkataba wa huduma na halmashauri hairudishiwi chochote kwa kuwahudumia hao. Matokeo yake tunayaona. Mama aliye jirani na zahanati ya usharika anaipita, anakwenda mbali kwa sababu kule halipi. Au anaingia kwetu, analipa, halafu anasema kanisa linauza dawa. Au muuguzi wetu anamhurumia, hamtozi, na mwisho wa mwezi hakuna mshahara. Hali zote tatu nimezikuta katika ziara za mwaka mmoja.

Kwa hiyo mzee ana haki ya kuuliza. Mahali ambapo kituo cha serikali kipo karibu, kina watumishi na dawa, mimi sioni sababu ya usharika kujenga kingine cha kushindana nacho. Fedha hiyo ifanye jambo jingine, kwa mfano nyumba ya kusubiria kwa wajawazito wanaotoka mbali. Lakini mahali ambapo zahanati yetu ndiyo iliyo karibu na watu, kuifunga kwa sababu tu serikali imeahidi kujenga ni kuwatesa wagonjwa. Hapo tunatafuta mkataba.

Mkataba una gharama yake. Halmashauri itataka takwimu kila mwezi, itakagua hesabu, na itakuwa na sauti juu ya bei. Baadhi ya wajumbe husema hapo tumeuza zahanati. Sikubaliani nao: jengo na kiwanja vinabaki vya kanisa, na fedha ya umma lazima ikaguliwe. Hatari ninayoiogopa mimi ni ucheleweshaji. Zahanati moja niliyoifuatilia ilikaa miezi ikisubiri malipo ya bima, na sehemu ya madai ikarudishwa kwa kuwa fomu zilijazwa vibaya na mtumishi wetu wenyewe. Kituo kisicho na akiba kidogo hakivuki kipindi hicho, na hapa ndipo mchango wa wafadhili unapohitajika kuliko kwenye mabati.

Bima nayo inabadilisha hesabu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya 1999, mtumishi na mwajiri wakichangia asilimia 3 kila mmoja. Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga, ulipata sheria yake mwaka 2001 na ukaboreshwa mwaka 2018 kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Tofauti na Waingereza wa 1911, mfuko huu ulimwingiza mama na watoto tangu mwanzo. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mwenye kadi atakwenda pale kadi yake inapopokelewa, na zahanati isiyosajiliwa na mfuko itabaki na viti vitupu.

Kamati zenye zahanati, au zinazofikiria kujenga, tutakutana nazo kabla halmashauri hazijafunga bajeti zao. Njooni na daftari la wagonjwa la mwaka mzima, orodha ya watumishi na vyeti vyao, hesabu za miezi kumi na miwili, na hati ya kiwanja. Hati msiisahau, maana mara mbili tumeondoka mezani kwa halmashauri mikono mitupu kwa kukosa karatasi hiyo moja.