Rangi Bapa na Rangi ya Kufifizwa katika Picha za Mandhari: Maelezo kwa Wahakiki wa Kiswahili

Neno "bapa" limekita mizizi katika uhakiki wetu wa fasihi. Mwanafunzi atakaye kumlaumu mwandishi kwa kuumba mhusika asiyebadilika husema kwamba mhusika huyo ni bapa, na hapo hudhani amekwisha kutoa hukumu. Lakini neno hilo ni la kuazimwa. Linatokana na mambo ya umbo na uso wa vitu, ambayo ni mambo ya mchoraji kabla ya kuwa ya mtunzi wa hadithi. Neno jingine tunaloshirikiana na mchoraji ni "mandhari". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kile kionekanacho kwa macho. Sisi tumelipanua likawa pia mahali na wakati wa kisa. Basi yafaa tumwendee mchoraji wa mandhari mwenyewe, tumwulize ubapa kwake una maana gani, na kama kweli ni upungufu. Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuzitazama kazi za wachoraji watatu: Claude Lorrain, Nicolas Poussin na Camille Corot.

Istilahi

Kila rangi ina kiwango chake cha mwanga, yaani jinsi ilivyo karibu na weupe au weusi. Nyekundu na kijani zaweza kuwa na kiwango kimoja cha mwanga ingawa ni rangi mbili mbalimbali. Zikipigwa picha isiyo ya rangi, zote mbili hutoka kijivu kimoja. Katika lugha nyingi za Ulaya kiwango hicho huitwa kwa jina lile lile ambalo wanaisimu tumelipokea kama "toni". Kwa kuwa kwetu toni ni jambo la kidatu cha sauti, katika makala haya nitasema "kiwango cha mwanga", nisije nikamchanganya msomaji.

Rangi bapa ni ile iliyopakwa kwa kiwango kimoja kuanzia ukingo hadi ukingo, kama ukuta uliopakwa chokaa. Rangi ya kufifizwa ni ile inayobadilika kidogo kidogo, kutoka kukolea hadi kupauka, bila jicho kuweza kuonyesha mahali ilipobadilikia. Kitendo chenyewe nitakiita ufifizaji. Maneno haya si mageni: kukoza, kukolea, kufifia, kupauka na kuchujuka yote ni ya siku nyingi katika vinywa vya watu wetu, hasa wanaposema habari za nguo na rangi zake.

Kwa nini maumbile hufifiza

Atazamaye milima iliyo mbali huona kwamba weusi wake umepungua na umeingia ubuluu. Sababu yake ni hewa. Kati ya jicho na mlima pana hewa nyingi, na hewa hiyo hutawanya mwanga wa jua, hasa mwanga wa buluu, na kuutia mbele ya mlima. Kadiri umbali unavyozidi, ndivyo weusi unavyozidi kupanda kuelekea kiwango cha mbingu, na tofauti kati ya kivuli na mwanga huzidi kuwa ndogo. Mbingu nazo hufifia: juu ya utosi hukolea buluu, na karibu na upeo wa macho hupauka. Leonardo da Vinci (1452–1519) aliyaeleza mambo haya katika maandishi yake juu ya uchoraji, ambayo yalichapishwa Paris mwaka 1651, zaidi ya karne moja baada ya kufa kwake.

Hata hivyo mchoraji hawezi kuyanakili maumbile kipimo kwa kipimo. Nje, jua na kivuli hutofautiana maelfu kwa maelfu ya mara. Rangi nyeupe iliyo bora kabisa humpita mweusi wa rangi kwa makumi machache tu. Hivyo mchoraji ana ngazi fupi ya kupandia mlima mrefu. Akizitumia daraja zake zote katika mbingu, hazitabaki za kutosha kwa ardhi. Akizitumia katika ardhi, mbingu zitakosa nuru. Kuchagua wapi afifize na wapi aache bapa ni kuchagua wapi azitumie mali chache alizo nazo.

Claude: mwanga usio na mipaka

Claude Lorrain alizaliwa katika nchi ya Lorraine, lakini maisha yake ya kazi yalikuwa Roma, na huko ndiko alikofia mwaka 1682. Picha yake ya Malkia wa Sheba akipanda chombo bandarini, ya mwaka 1648, imo katika Jumba la Picha la Taifa la London. Jua limewekwa chini, karibu na bahari, likimkabili mtazamaji. Kutoka hapo mwanga huenea katika mbingu na juu ya mawimbi, ukapungua hatua kwa hatua hadi ukafika kwenye nguzo na majengo ya pembeni yaliyo gizani. Huwezi kuweka kidole ukasema: hapa umanjano umekoma na ubuluu umeanza.

Rangi za mafuta ndizo zilizomwezesha kufanya hivyo. Rangi iliyochanganywa na kiini cha yai hukauka upesi, na aitumiaye hulazimika kufifiza kwa vistari vingi vyembamba. Mafuta ya kitani hukauka polepole. Rangi mbili huweza kuchanganyikana zingali mbichi, na tabaka nyembamba inayopenya mwanga huweza kupakwa juu ya tabaka iliyokwisha kukauka.

Lakini tusidhani kwamba Claude alififiza kila kitu. Miti na majengo ya mbele aliyaacha katika giza ambalo karibu ni la kiwango kimoja. Giza hilo tulivu ndilo lipimalo mwanga wa nyuma yake. Kama sehemu zote zingefifizwa sawasawa, jicho lisingekuwa na mahali pa kusimama.

Poussin: daraja zinazohesabika

Nicolas Poussin (1594–1665), Mfaransa aliyeishi Roma katika zama zile zile, alishika njia nyingine. Katika picha yake ya mandhari yenye mtu aliyeuawa na nyoka, ya yapata mwaka 1648, nayo iko London, maiti imelala kando ya maji, mahali penye giza upande wa mbele. Mtu mmoja ameiona naye anakimbia. Mwanamke aliye nyuma yake amemwona anayekimbia lakini maiti hajaiona. Na walio mbali zaidi wanaendelea na shughuli zao kwa amani. Hofu inapungua kadiri habari inavyokwenda mbali.

Ili kulieleza jambo hilo Poussin ameipanga ardhi kwa tabaka zinazofuatana, giza na mwanga kwa zamu, kila moja ikiwa na ukingo unaoonekana. Si kwamba hafifizi. Majani na mawingu yake yamefifizwa kwa uangalifu. Lakini mpango mkubwa wa picha ni wa daraja zinazohesabika, na mtazamaji husafiri kutoka daraja moja hadi nyingine kama msomaji apitaye sura za kitabu. Claude angaliifanya hofu ile iyeyuke. Poussin anaipimia hatua.

Corot: daraja moja mara mbili

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika kazi ya Camille Corot (1796–1875). Mwezi Septemba 1826, akiwa kijana nchini Italia, aliketi nje akachora daraja la Kirumi lililobomoka huko Narni. Mchoro huo mdogo, ulio katika jumba la Louvre, umefanywa kwa mabaka mapana ya rangi. Upande wa daraja upatao jua ni baka moja. Upande wa kivuli ni jingine. Ufifizaji kati yao ni mchache. Pierre-Henri de Valenciennes, katika kitabu chake cha mwaka 1800, alikuwa amekwisha kuwashauri wachoraji wachore nje kwa haraka, kwa sababu mwanga haumngoji mtu. Mwenye muda mfupi hukamata kwanza viwango vikubwa, na kuacha vidogo.

Baadaye Corot aliichora picha kubwa ya mahali pale pale kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya mwaka 1827. Picha hiyo iko Ottawa, Kanada. Humo ameongeza miti, njia na mifugo, na ameufifiza umbali kwa desturi ya Claude, maana ndivyo waamuzi wa siku zile walivyotarajia. Walioishi baadaye wamezitazama picha hizi mbili pamoja, na wengi wao wameupenda zaidi ule mchoro mdogo. Viwango vyake vichache vimewekwa kwa usahihi kiasi kwamba jua la Septemba linahisika. Ubapa wake hautokani na kutojua, bali na kuchagua.

Jicho nalo hushiriki

Pana jambo moja zaidi. Mwaka 1839 Michel-Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya Gobelins, alichapisha kitabu juu ya jinsi rangi zinavyoathiriana zikikaa pamoja. Alionyesha kwamba tukipanga vipande bapa vya kijivu, kila kimoja kikikolea kuliko jirani yake, hatuvioni kuwa bapa. Kila kipande huonekana cheupe zaidi kinapokutana na jirani mweusi, na cheusi zaidi kinapokutana na jirani mweupe. Kwa maneno mengine, jicho hufifiza lenyewe pale ambapo mchoraji hakufifiza. Kwa hiyo ubapa hauwezi kuhukumiwa kwa kukitazama kipande kimoja peke yake. Hupata maana kutokana na kilicho kando yake.

Funzo kwa uhakiki

Kutokana na haya twaweza kusema mambo mawili. Kwanza, ubapa na ufifizaji si daraja mbili za ubora, moja ya chini na moja ya juu. Ni njia mbili za kugawa mwanga uliopo, na kazi nyingi zilizo bora huzitumia zote. E. M. Forster mwenyewe, aliyewagawa wahusika kuwa bapa na duara katika kitabu chake cha mwaka 1927, hakuwadharau wahusika bapa. Alisema kwamba riwaya pana huwahitaji pia. Sisi tuliyapokea majina yake mawili, lakini utetezi wake mara nyingi tuliuacha njiani. Mwanafunzi aandikaye kwamba mhusika fulani ni bapa bado hajafanya uhakiki. Hana budi aeleze ni nani amewekwa kando ya mhusika huyo, na ni mwanga wa nani unaopimwa kwa giza lake.

Pili, Kiswahili hakikosi maneno ya kulizungumzia jambo hili. Lugha yenye alfajiri, macheo, machweo, utusitusi na giza totoro imekwisha kuzigawa daraja za mwanga wa siku. Lugha isemayo weusi tititi na weupe pepepe inajua rangi isiyochanganyika ni ipi. Kazi iliyobaki ni yetu walimu: kuyachukua maneno hayo, kuyapa mipaka iliyo wazi, na kuyatumia darasani, ili tutakapomwambia mwanafunzi kwamba kitu ni bapa, sisi na yeye tuwe tunakitazama kitu kimoja.