Gari Linalotetemeka na Kuzimika: Tutafute Sababu Kabla ya Kununua Spea

Wengi wetu tumepata kuliona gari la zamani limesimama njia panda, na injini yake, badala ya kuunguruma kwa utulivu, yatetemeka na kusitasita kama mtu mwenye homa ya baridi, kisha yazimika. Dereva hupiga stata, injini huwaka. Akikanyaga mafuta gari hushika mwendo na kwenda vizuri kabisa, kana kwamba halina ugonjwa wowote. Likisimama tena, mambo ni yale yale.

Mwendo ule wa injini gari likiwa limesimama, bila kukanyagwa mafuta, mafundi wetu huuita sailensi. Gari lisilo na sailensi nzuri si jambo la kuchekea. Laweza kuzimika juu ya daraja jembamba, au mbele ya lori linaloteremka mlima. Tena magari yenye kisaidizi cha breki kinachotegemea mvuto wa injini, injini ikizimika, breki zake huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache tu. Nasi twajua kwamba gari la shule ndilo linalompeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane.

Hasara ya pili ni ya fedha. Mwenye gari huambiwa, "Nunua kabureta," akanunua. Kesho huambiwa, "Nunua koili," akanunua. Na ugonjwa haukuondoka. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba ugonjwa huu hutafutwa kwa mpango, na kwamba mwanafunzi anayeyajua vyema masomo yake ya fizikia amekwisha shika nusu ya ufundi.

Mfano wetu utakuwa Land Rover Series III ya petroli, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita 2,286 za ujazo. Magari haya yalitengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985, na mengine yangali yakifanya kazi katika Afrika Mashariki.

INJINI YATAKA MAMBO MATATU

Kila injini ya petroli yataka mambo matatu: kwanza, mchanganyiko wa hewa na petroli kwa kadiri yake, yaani karibu kilo 15 za hewa kwa kilo moja ya petroli, pili, cheche ya moto yenye nguvu kwa wakati wake, tatu, mgandamizo mzuri ndani ya silinda. Likipungua moja, injini huugua. Kwa hiyo kazi ya mpelelezi si kukisia ni spea gani imekufa, bali ni kuuliza: katika haya matatu, ni lipi lililopungua?

KWA NINI HUUGUA IKISIMAMA, IKAPONA NJIANI?

Hapa ndipo penye siri. Mguu ukiondolewa kwenye mafuta, kile kilango cha hewa ndani ya kabureta hufungwa karibu chote. Pistoni zavuta hewa, na hewa haipati njia. Kwa hiyo ndani ya manifoldi hutokea ombwe, yaani mvuto mkali. Wakati huo petroli haipiti katika njia kubwa, bali katika tundu dogo sana liitwalo jeti ya sailensi.

Sasa fikiri: injini inakunywa hewa kidogo mno. Ikiwa pana ufa mdogo mahali fulani, mpira uliopasuka au gasketi iliyolegea, hewa ya wizi inayoingia hapo ni sehemu kubwa ya hewa yote, na mchanganyiko huwa mwepesi mno hata usiwake. Lakini njiani, kilango kikiwa wazi, injini inakunywa hewa nyingi na mvuto umepungua. Ile ya wizi huwa kama kikombe cha maji katika pipa. Ndiyo maana gari huenda vizuri. Kadhalika jeti ya sailensi ikizibwa na uchafu, gari litazimika likisimama, lakini mwendoni petroli yapita njia kubwa.

MASWALI YA KWANZA

Kabla ya kushika spana, muulize dereva. Huzimika ikiwa baridi au ikiwa moto? Ilianza baada ya mvua, au baada ya kujaza petroli mahali pageni? Kama ni baada ya mvua, tazama nyaya za plagi na kifuniko cha distribyuta. Unyevu huipotosha cheche. Kama ni baada ya kujaza petroli, huenda mna maji ndani yake. Kama gari huenda kilomita kadhaa kisha hufa, na baada ya kupumzika huwaka, fungua kifuniko cha tenki usikilize: ikisikika hewa ikiingia kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba, na pampu haiwezi kuvuta.

Kisha sikiliza mdundo. Land Rover hii ikiwa katika sailensi huzunguka mara 500 hivi kwa dakika. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, basi kila moja huwaka mara 250, na zote nne pamoja mara 1,000 kwa dakika. Pigo likikosekana kwa mpango, moja katika kila manne, silinda moja imelala. Pigo likikosekana ovyo ovyo, huenda kosa ni la mchanganyiko, au la jambo linalohudumia silinda zote.

KUITAFUTA SILINDA ILIYOLALA

Zima injini. Ondoa waya wa plagi moja, uufunge vizuri kwenye chuma cha injini, kisha washa usikilize. Usiushike waya huo injini ikiwaka, maana umeme wake ni wa maelfu ya volti. Sauti ikizidi kuharibika, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Sauti isipobadilika, umempata mgonjwa. Rudisha waya, uende kwa silinda ya pili, hata zote nne.

Umempata? Usinunue kitu bado. Ichukue plagi ya silinda ile uibadilishane na ya jirani. Ugonjwa ukihama na plagi, plagi ni mbovu. Ukibaki palepale, badilisha waya. Ukibaki tena, pima nafasi ya valvu, ambayo kwa injini hii ni milimita 0.25, kisha mgandamizo wa silinda. Sheria ni moja, ile ile ya maabara: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha mawili pamoja, gari likipona, hatajua ni lipi lililoliponya.

Plagi zenyewe zaweza kusomwa kama barua. Rangi ya udongo au kijivu ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi mno, au cheche dhaifu. Weupe ni petroli chache na joto jingi. Utelezi wa oili ni oili inayopenya ndani ya silinda. Nafasi ya plagi iwe milimita 0.75 hadi 0.80, nafasi ya pointi ndani ya distribyuta, 0.35 hadi 0.40. Pointi zikiungua na kuwa na mashimo, tazama kondensa pia.

KUUTAFUTA UFA WA HEWA

Injini ikiwa imepata moto, vuta choki kidogo. Ikitulia, ilikuwa na njaa ya petroli: ama hewa ya wizi, ama jeti iliyoziba. Ikizidi kusongwa na kutoa moshi mweusi, petroli imezidi: tazama choki iliyokwama, filta ya hewa iliyojaa vumbi, au valvu ya boya inayovujisha.

Kupata ufa, nyunyiza maji kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi, kitako cha kabureta na mipira ya hewa, ukijihadhari yasifike kwenye distribyuta. Maji huuziba ufa kwa nukta chache, na sauti ya injini hubadilika mara. Wako wanaotumia petroli kwa kazi hii. Wasiigwe, maana wengine wameteketeza magari.

Land Rover moja iliyokuwa ikizimika kila njia panda ilikuwa imekwisha andikiwa kabureta mpya. Wanafunzi wetu wa kikundi cha sayansi waliomba waichunguze kwanza. Choki ikivutwa, ilitulia. Plagi mbili za mbele zilikuwa na rangi ya udongo, mbili za nyuma nyeupe. Basi wakasema, "Kabureta ni moja na yalisha zote nne, kwa nini mbili tu ziwe na njaa?" Wakanyunyiza maji kwenye manifoldi upande wa nyuma, na injini ikatulia kama aliyepewa dawa. Nati moja ilikuwa imelegea na gasketi imeungua. Gasketi ikabadilishwa, nati zikakazwa, na fedha za kabureta zikabaki mfukoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

JETI, SKURUBU NA MWINUKO

Jeti iliyoziba husafishwa kwa kupulizwa hewa, si kwa kuchokolewa na waya, maana waya hupanua tundu na kuliharibu kabisa. Skurubu ya mchanganyiko hurekebishwa mwisho, baada ya yote mengine kuwa sawa, na injini ikiwa moto: izungushe polepole upande mmoja hata injini isitesite, kisha upande wa pili, halafu itulize pale katikati panapotoa sauti iliyo nyororo.

Wale wa milimani wakumbuke jambo moja. Hewa ya juu ni nyepesi. Gari lililorekebishwa Tanga au Mombasa, likipandishwa Arusha, penye mita 1,400 hivi, hupata petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Hata kipimo cha ombwe hubadilika: injini nzima pwani huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki, na hupungua karibu inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Basi Arusha pungufu ya inchi 4 au 5 si ugonjwa.

Magari ya baadaye hayana kabureta. Petroli hupulizwa kwa amri ya kompyuta, na taa ya injini huwaka pakiwa na kosa. Hata hivyo kilango cha hewa chaweza kushika uchafu, mpira waweza kupasuka, na maswali yetu matatu ni yale yale.

TAHADHARI

Kazi hii ifanyike nje, mahali pa wazi. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu ndani ya gereji iliyofungwa. Sigara iwe mbali. Tai, kanga na mikono mirefu ya shati viwe mbali na feni. Gari liwekewe breki ya mkono na mawe magurudumuni.

Wazazi wetu, fundi akikuambieni mnunue spea, mwulizeni kwa upole: "Umejuaje, fundi?" Fundi mwema hatachukia, bali atakuonyesheni alichokipima. Nanyi wanafunzi wenzetu, msidhani kwamba ombwe, mgandamizo na cheche ni maneno ya mtihani tu. Yamo chini ya boneti ya kila gari kuukuu linalopita mbele ya lango la shule.