Ishirini na sita kwa tano: kriketi kwa anayeanza

Katika vibanda vya kutazamia mpira vya Kasese na Bwera, ligi ya Uingereza haihitaji maelezo. Hata mtu wa boda aliyesimama mlangoni na abiria mgongoni huuliza "ngapi ngapi?", akajibiwa, akajua kila kitu. Kriketi haijibu hivyo. Usiku wa kuamkia Juni 6, 2024, saa za Uganda, aliyeuliza hali ya timu ya taifa angejibiwa: "Ishirini na sita kwa tano." Asiyeujua mchezo angerudi kulala.

Angekosa usiku mkubwa. Uganda ilikuwa Providence, nchini Guyana, katika Kombe la Dunia la ova 20, ikicheza na Papua New Guinea. Mwaka 1975 wachezaji wa Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia waliunganishwa katika timu moja ya Afrika Mashariki iliyokwenda Kombe la Dunia Uingereza na kupoteza mechi zote 3. Safari hii Uganda ilikwenda kwa jina lake, baada ya kuifunga Zimbabwe mjini Windhoek mnamo Novemba 2023 na kuiacha nje ya mashindano. Mechi hiyo ya Guyana inatosha kumfundisha mtu mchezo mzima.

Kila timu ina wachezaji 11. Katikati ya uwanja kuna njia nyembamba yenye urefu wa mita 20.12, karibu hatua 22 za mtu mzima. Kila mwisho wa njia husimikwa vijiti 3 vinavyofika juu kidogo ya goti, na juu yake vimelazwa vipande 2 vidogo vya mti. Hiyo ndiyo wiketi. Mrushaji hukimbia, akaurusha mpira bila kukunjua kiwiko, kwa kawaida ukadunda chini mara moja, akiilenga wiketi ya upande wa pili. Mpigaji anailinda kwa gongo bapa la mti. Mengine yote yanatokana na ugomvi wa hawa wawili juu ya vijiti vile.

Wapigaji huwa wawili uwanjani, mmoja kila mwisho. Mpira ukipigwa mbali, hukimbia kubadilishana nafasi, na kila wakibadilishana wanapata mkimbio 1. Mpira ukibingirika hadi kuvuka mpaka wa uwanja ni mikimbio 4; ukivuka ukiwa hewani bila kugusa ardhi, ni 6. Mpigaji hutoka vijiti vikiangushwa na mpira uliorushwa, au mpira alioupiga ukidakwa kabla ya kugusa chini, au wiketi ikivunjwa kwa mpira naye bado yuko njiani anakimbia. Hutoka pia akiuzuia kwa mguu mpira ambao, kwa hukumu ya mwamuzi, ungegonga vijiti; hapo ndipo mabishano mengi huzaliwa. Wakitoka 10, wa 11 hana mwenzake wa kukimbia naye na zamu ya timu imekwisha.

Sasa namba zile zinasomeka. "Ishirini na sita kwa tano" maana yake mikimbio 26, wapigaji 5 wameshatoka.

Lakini kuna hesabu ya pili. Ova moja ni mipira 6, na katika kriketi ya ova 20 kila timu hupata mipira 120 tu. Anayekwenda soko la Mpondwe ataelewa upesi: una mtaji na una siku moja. Ukitumia mtaji wote asubuhi, jioni utatazama wenzako wakiuza. Ukiushika mno, soko litafungwa bidhaa zikiwa mikononi. Wapigaji 10 ndio mtaji, mipira 120 ndiyo siku.

Papua New Guinea walianza kupiga, wakatolewa wote kwa mikimbio 77. Aliyewabana kuliko wote ni Frank Nsubuga, mwenye miaka 43 wakati huo. Alirusha ova zake 4, yaani mipira 24, akatoa mikimbio 4 tu na kuwatoa wapigaji 2. Hakuna aliyewahi kumaliza ova 4 kwa mikimbio michache kuliko hiyo katika Kombe hilo, mpaka siku chache baadaye Lockie Ferguson wa New Zealand alipomaliza zake bila kutoa hata mkimbio mmoja.

Uganda ilihitaji 78, ikajikuta na 26 kwa 5. Hapo Riazat Ali Shah akafanya jambo ambalo mtazamaji wa kandanda angelizomea: akapiga polepole. Alitumia mipira 56 kupata mikimbio 33. Kwa mechi nyingine huo ungekuwa mwendo wa kuchelewesha timu. Usiku ule mipira ilikuwa tele na wapigaji ndio waliokuwa wakiisha, kwa hiyo kubaki uwanjani kulikuwa na thamani kuliko mapigo makubwa. Uganda ilifika 78, wapigaji 7 wametoka na mipira 10 imebaki. Waliosalia ni 3, ndiyo sababu husemwa ilishinda "kwa wiketi 3". Riazat akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Siku chache baadaye, katika uwanja uleule, West Indies waliitoa Uganda yote kwa mikimbio 39, na ukweli huo nao ni sehemu ya hadithi.

Anayetaka kuujaribu mchezo Bwera asianze na mpira rasmi. Una uzito wa gramu 160 hivi, ni mgumu, na bila kofia, glovu na kinga za miguu unavunja mifupa. Mitaani Karachi vijana hutumia mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa umeme. Kreti ya soda inatosha kuwa wiketi, ubao uliochongwa mpini unatosha kuwa gongo. Pimeni hatua 22, gawaneni, kila upande urushiwe ova 5. Na kabla ya mpira wa kwanza, kubalianeni kuhusu shamba la mahindi la jirani: katika vichochoro vingi vya Asia Kusini, anayepeleka mpira nyumbani kwa watu hapati 6. Ametoka, na ndiye anayekwenda kuuomba.