Ngulube anapewa kosa la mtu: kimelea na mwenyeji wake ni nini?

Mtu ananunua ngulube, anamfikisha lupangoni, anachinja. Kisu kinapofungua paja, anakuta vifuko vyeupe vimejaa ndani ya nyama, vingine sawa punje ya mchele, vingine sawa punje ya muhindi. Hapo maneno yanaanza. Muuzaji anaitwa mwizi, ngulube anaitwa mchafu, na mara nyingi ile nyama inakatwa vipande vidogo na kuuzwa kwa bei ya chini kwa watu wasiouliza mengi. Swali moja tu halisikiki: ngulube mwenyewe aliipata wapi ile kitu?

Wakaaji wengi wa Kongolo wanafuga ngulube, mbuzi na kuku, na si rahisi kwa kila mmoja kumpata veterineri. Kwa hiyo inafaa kujua maneno machache ambayo veterineri hutumia, kwa sababu ndani ya maneno hayo ndimo jibu liko.

Neno la kwanza ni kimelea. Ni kilulu, au kiumbe kidogo zaidi kisichoonekana kwa macho, kinachoishi juu ya mwili wa kiumbe kingine au ndani yake, na kula kwake. Yule anayeliwa anaitwa mwenyeji, sawa vile mwenye nyumba anavyopokea mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni hapewi jembe. Anakula, anazaa, na mara nyingi hamuui mwenyeji haraka, maana mwenyeji akikufa chakula kimekwisha.

Kimelea cha nje kinakaa juu ya ngozi: kupe, chawa, kiroboto. Cha ndani kinakaa tumboni, kwenye maini, kwenye nyama au ndani ya damu. Hiyo ni rahisi. Kinachochanganya watu ni kwamba vimelea vingine haviwezi kumaliza maisha yao ndani ya mwenyeji mmoja. Vinahitaji wawili. Yule ambaye ndani yake kimelea kinakomaa na kutoa mayai anaitwa mwenyeji wa mwisho. Yule ambaye ndani yake kinakaa kikiwa bado kichanga, kikingoja, anaitwa mwenyeji wa kati.

Sasa turudi kwa ngulube. Vile vifuko vyeupe ni watoto wa tegu, mnyoo mrefu sawa utepe ambao wengi wanauita tenia. Ndani ya ngulube, tegu huyu hakomai na hatagi yai hata moja. Ngulube ni mwenyeji wa kati tu. Mwenyeji wa mwisho ni mtu, na kwa tegu huyu hakuna mwingine. Mtu akila nyama yenye vifuko ambayo haikuiva vizuri, kifuko kinafunguka tumboni, kichwa cha mnyoo kinashika utumbo, na baada ya miezi kama 2 mnyoo uko mkubwa, wa metre 2 mpaka 7. Mwaka 1855 munganga mmoja Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, alihakikisha jambo hilo kwa njia ambayo leo hakuna anayeweza kuikubali: alilisha vifuko mfungwa aliyekuwa amehukumiwa kifo, kisha akawakuta tegu ndani ya utumbo wake baada ya hukumu kutekelezwa.

Mtu mwenye tegu mara nyingi hasikii kitu. Anaona tu vipande vyeupe bapa kwenye choo, na kila kipande kinaweza kubeba mayai makumi ya maelfu. Akienda haja porini au nyuma ya lupango, ngulube anayezurura anakuja na kula. Mayai yanaanguliwa tumboni mwake, yanapita kwenye damu na kukaa ndani ya nyama: ulimi, moyo, paja. Kwa maneno mengine, hakuna ngulube mwenye vifuko bila mtu mwenye tegu pale karibu. Yule aliyemtukana muuzaji sokoni labda angeanza kuuliza ndani ya kartiye kule ngulube alikokulia, nani hana choo.

Lakini jambo zito zaidi liko mbele. Mayai hayachagui. Yakimezwa na mtu, kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji au kwa majani mabichi, mtu anakuwa mwenyeji wa kati pia, sawa vile ngulube. Vifuko vinakaa ndani ya nyama yake, na vingine vinapanda mpaka kwenye ubongo. Huko vinaweza kuleta maumivu makali ya kichwa na kifafa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba katika sehemu nyingi ambako ugonjwa huu umezoeleka na ngulube wanazurura kati ya watu, karibu 30% ya kifafa kinatokana nao. Ni kifafa kilekile ambacho familia nyingi zinakipeleka kwanza kwa waganga wa kienyeji na kwenye vyumba vya maombi, na mara nyingine bibi mzee wa jirani anaitwa mchawi.

Hapa tofauti ya maneno mawili inakuwa kubwa. Kula nyama yenye vifuko kunampa mtu tegu wa tumboni. Kumeza mayai kunampa vifuko. Ndiyo maana hata yule ambaye hajawahi kuonja ngulube, kwa dini au kwa desturi, anaweza kupata kifafa hiki: inatosha anayempikia chakula awe na tegu na asinawe mikono. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, waganga wa New York waliona hivyo kati ya Wayahudi wanaoshika sana dini, watu wasiogusa ngulube.

Na Congo haiko mbali na hii shida. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 juu ya masoko ya Kinshasa na vijiji vya Bas-Congo ulikuta, kwa kupima damu, karibu ngulube 4 kati ya 10 wako na vifuko. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine katika kijiji kimoja cha Bas-Congo ulikuta alama za vifuko katika damu ya karibu mtu 1 kati ya 5.

Kuna neno moja bado: mbebaji. Huyu ni mdudu anayechukua ugonjwa kwa mwenyeji mmoja na kuupeleka kwa mwingine, sawa vile mbung'o anavyofanya na ugonjwa wa usingizi kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kwa wakaaji wa pande hizi, mfano uko karibu, Kasongo, kaskazini ya Kongolo. Mwingereza Joseph Everett Dutton alikuwa akichunguza kimputu, ule kupe wa kwenye nyufa za nyumba anayeuma usiku, na homa anayoleta. Yeye mwenyewe alipata homa hiyo na akafia Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Kidudu cha homa hiyo leo kinabeba jina lake. Kimputu anaweza kukipitisha mpaka kwa watoto wake kupitia mayai, kwa hiyo ni mbebaji na tena ni ghala la ugonjwa.

Minyoo wengi wa tumbo la mbuzi hawana safari ndefu hivyo: mayai yanatoka na mavi, wachanga wanapanda kwenye majani, mbuzi anakula. Hawana mwenyeji wa kati. Mnyoo wa maini yeye anapita kwa konokono wa majini, kwa hiyo mbuzi anayechungwa kwenye mabwawa yuko hatarini zaidi kuliko wa mlimani.

Kwa tegu, safari inaweza kukatwa mahali patatu. Choo, ili ngulube asifikie mavi ya watu. Banda, ili asizurure. Na veterineri yuko na dawa, oksifendazoli, inayoua vifuko ndani ya ngulube kwa dozi moja, ingawa baada yake inabidi kungoja majuma kadhaa kabla ya kuchinja. Halafu chungu: nyama ikatwe vidogo na iive mpaka katikati, isibaki nyekundu. Kufungua mdomo wa ngulube na kupapasa ulimi kabla ya kununua, wafanyavyo wanunuzi wengi, kunasaidia, lakini mwenye vifuko vichache anapita bila kugunduliwa.

Kuhusu mtu mwenye kifafa, familia isimnunulie dawa ya tegu sokoni. Prazikwanteli inaua pia vifuko vilivyo kwenye ubongo, na vinapokufa vinavimbisha sehemu ile, kifafa kinaweza kuzidi. Kwanza afike hospitali, munganga aamue.