Ukiteleza kazini, iandikishe ajali siku hiyo hiyo

Mazungumzo ya wiki hii kama yalivyotangazwa redioni

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Walikuwa wakimliwaza mtu aliyekosea jambo dogo, asikate tamaa. Lakini ukiuchukua msemo huo ukaupeleka jikoni kwenye hoteli kubwa, au kwenye kiwanda cha kusindika samaki pale Mwanza, au kwenye ghala la Kariakoo lenye ngazi isiyo na kishikio, utaona kwamba hausimami. Huko kuteleza ndiko kuanguka, na kuanguka ndiko kuvunjika mkono, kuteguka nyonga au kuumia uti wa mgongo. Na mkono uliovunjika ndio huo huo unaolisha watoto nyumbani.

Wiki hii tunazungumzia fidia kwa mfanyakazi anayeteleza au kujikwaa akiwa kazini. Nimelichagua jambo hili kwa sababu ajali za namna hii zinadharauliwa. Mtu akikatwa kidole na mashine, kiwanda kizima husimama. Mtu akiteleza sakafuni, wenzake hucheka kwanza, halafu ndipo humpa pole. Mwenyewe naye huona haya, hujikung'uta na kusema, "Aa, mimi mzima, tuendelee na kazi." Msimamizi akiwa mwungwana humpa elfu tano ya kununulia dawa ya maumivu. Hapo mambo huisha, au watu hudhani yameisha.

Baada ya wiki tatu kiuno kinakataa kuinama. Daktari anapiga picha na kuona ufa kwenye mfupa. Mfanyakazi anarudi kwa mwajiri kudai haki yake, naye anaulizwa maswali matatu: Ulianguka lini? Nani alikuona? Imeandikwa wapi? Asipokuwa na jibu, maumivu ni yake na gharama ni zake.

Ndiyo maana nasema tangu mwanzo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ya mfanyakazi ni mali. Anguko lisiloandikwa, mbele ya sheria ni kama halikutokea.

Tuanze na chanzo cha ajali hizi. Vitu vinavyomwangusha mtu kazini si vigeni. Ni maji yaliyomwagika juu ya vigae laini. Ni mafuta ya kupikia karibu na jiko, au mafuta machafu chini ya gari gereji. Ni waya wa umeme uliopita katikati ya njia. Ni ngazi iliyomeguka, taa iliyoungua na haijabadilishwa, boksi lililoachwa mlangoni, na mzigo mkubwa unaomzuia mbebaji kuona anapokanyaga. Ni ndala zilizolika nyayo, ambazo mtu anavaa kwa kuwa hajapewa viatu vya kazi. Na mtu anayeanguka hutanguliza mkono kujizuia, kwa hiyo mara nyingi mfupa wa karibu na kiganja ndio unaovunjika. Akianguka kinyumenyume, anaumia kisogo, kiuno au nyonga.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuitwa bahati mbaya tupu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi katika hali ya usalama, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, una wakaguzi wa kusimamia jambo hilo. Kukausha sakafu, kuweka kishikio kwenye ngazi na kubadilisha taa ni wajibu wa mwajiri. Mfanyakazi hafanyiwi hisani.

Sasa tuje kwenye fidia yenyewe. Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilitumia sheria ya fidia iliyotungwa enzi za ukoloni. Viwango vyake viliachwa nyuma na thamani ya fedha, hata ikafika mahali ambapo fidia ya juu kabisa kwa mtu aliyepata ulemavu wa kudumu ilikuwa shilingi 108,000, na kwa aliyefariki shilingi 83,000. Mtu alipoteza mguu, akapewa fedha isiyotosha hata kodi ya nyumba ya miezi michache. Si ajabu kwamba watu walizoea kuona kudai fidia ni kupoteza nauli.

Hali hiyo ilibadilishwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka 2008. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi wanaujua kwa herufi zake, WCF. Mfuko ulianza kukusanya michango Julai 2015, na kuanza kulipa mafao Julai 2016. Unawahusu waajiri wa sekta ya umma na wa sekta binafsi huku Bara. Zanzibar ina sheria yake.

Nani anachangia? Hapa wengi wanachanganya Mfuko huu na mifuko ya pensheni. Katika Mfuko wa Fidia anayechangia ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hachangii hata senti moja, na mwajiri haruhusiwi kumkata mshahara kwa ajili hiyo. Mwanzoni mwajiri wa sekta binafsi alitakiwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara anayolipa. Kiwango hicho kilishushwa kuwa asilimia 0.6 mwaka 2021, na asilimia 0.5 mwaka 2022, sawa na sekta ya umma. Kwa mfanyakazi anayepata shilingi 300,000 kwa mwezi, asilimia 0.5 ni shilingi 1,500. Mwajiri anayekwepa kujisajili kwa ajili ya fedha kama hiyo anatenda kosa kisheria, na tena anawaweka watu wake hatarini.

Jambo la pili linalochanganya watu ni suala la nani mwenye makosa. Mfanyakazi aliyeteleza hujilaumu: "Ningetazama chini nisingeanguka." Mwajiri naye huikamata kauli hiyo na kusema, "Umesikia? Uzembe wako mwenyewe." Ndugu zangu, mpango huu wa fidia haukujengwa juu ya kutafuta mwenye makosa. Swali kubwa ni moja: je, ajali imetokana na kazi, na imetokea wakati mtu akiwa kazini? Kama mhudumu aliteleza akibeba sahani kutoka jikoni, hana haja ya kuthibitisha nani aliyemwaga mafuta. Wala kutotazama chini kwa sekunde moja hakumwondolei haki. Kinachoweza kumharibia ni utovu mkubwa wa nidhamu uliofanywa kwa makusudi, mathalani kuingia kazini akiwa amelewa.

Kadhalika, asiwepo wa kudhani kwamba kutokuwa na barua ya ajira kunamaliza kila kitu. Mkataba wa kazi unaweza kuwa wa maandishi, na unaweza kuwa wa mdomo. Ila ukiwa wa mdomo ni lazima uwe na kitu cha kuonyesha kwamba kweli ulikuwa ukifanya kazi pale: kitambulisho, orodha ya mahudhurio, kumbukumbu za malipo kwenye simu, au wenzako wa kukushuhudia. Hata hivyo, tusidanganyane. Mama lishe anayeteleza kwenye kibanda chake mwenyewe, au fundi aliyejiajiri, si mwajiriwa wa mtu, na sheria hii ilitungwa kwa ajili ya mwajiriwa. Vilevile, ukiteleza bafuni kwako baada ya kutoka kazini, hiyo si ajali ya kazini, hata kama uchovu ulikuwa wa kazini.

Je, afanye nini mtu aliyeanguka?

Kwanza, atoe taarifa kwa msimamizi wake siku hiyo hiyo, hata kama anaona ameumia kidogo. Sheria inakubali taarifa ya mdomo, lakini mdomo husahau. Aombe tukio liandikwe kwenye daftari la ajali, na kama hakuna daftari, aandike barua fupi na kubaki na nakala. Maneno machache yanatosha: tarehe, saa, mahali, alikuwa akifanya nini, aliteleza juu ya nini, aliumia wapi, na nani aliona. Asiyejua kuandika amwombe mwenzake.

Pili, aende hospitali, na akifika amweleze daktari kwamba ameumia kazini, na jinsi alivyoanguka. Hili ni dogo lakini lina uzito. Daktari akiandika "maumivu ya kiuno" peke yake, hakuna anayeweza kujua kama kiuno kiliumia kazini au kwenye mpira wa Jumapili. Akiandika "ameteleza kazini akibeba ndoo", karatasi hiyo inakuwa shahidi. Kila cheti na kila risiti itunzwe.

Tatu, mwajiri akishapata taarifa anapaswa kuupelekea Mfuko bila kukawia. Mfanyakazi asikae kimya akidhani imepelekwa. Aulize, na akiona anazungushwa, aende mwenyewe, au ndugu yake, au kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, kwenye ofisi ya Mfuko. Muda wenye uzito wa kukumbuka ni miezi 12 tangu siku ya ajali. Anayesubiri "hadi nipone vizuri" anaweza kushtuka mwaka umekwisha na mlango umefungwa.

Nne, kama uamuzi utakaotolewa haumridhishi, asiondoke akinung'unika. Aombe sababu kwa maandishi na aulize utaratibu wa kukata rufaa, maana sheria imeweka ngazi zake.

Pengine msikilizaji anauliza: baada ya hangaiko lote hilo, kuna nini? Mafao ni ya aina saba. Kuna matibabu. Kuna malipo ya ulemavu wa muda, na malipo ya ulemavu wa kudumu. Kuna malipo ya mtu anayemhudumia majeruhi asiyejiweza. Kuna huduma za utengamao, yaani kumsaidia mtu arudi katika hali ya kufanya kazi na kuishi na wenzake. Kuna msaada wa mazishi, na kuna malipo kwa wategemezi wa aliyefariki.

Tuchukue mfano wa mhudumu wa jikoni aliyevunjika mkono, mshahara wake shilingi 300,000. Daktari amemwambia apumzike miezi minne. Huo ni ulemavu wa muda, na malipo yake ni asilimia 70 ya mshahara, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Kwa hiyo kila mwezi ni shilingi 210,000, na kwa miezi minne ni shilingi 840,000, mbali na matibabu. Kama baada ya kupona mkono haurudi sawasawa, madaktari hupima kiwango cha ulemavu uliobaki kwa asilimia. Ukiwa hauzidi asilimia 30, hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, hulipwa pensheni ya kila mwezi.

Sasa pima. Upande mmoja kuna elfu tano ya dawa na neno "pole". Upande wa pili kuna matibabu, kuna sehemu kubwa ya mshahara wakati mtu yuko nyumbani, na kuna pensheni endapo ulemavu mkubwa utabaki. Kinachotenganisha pande hizo mbili mara nyingi ni karatasi moja iliyoandikwa siku ya ajali.

Kwa waajiri nina neno moja. Wako wanaoona kwamba kuandika ajali ni kujiandikia mashtaka, kwa hiyo humshawishi majeruhi anyamaze ili mambo yaishe kindugu. Hesabu hiyo haina faida. Mwajiri anayechangia Mfuko amekwisha kulipia ajali hiyo kabla haijatokea. Akificha taarifa, anajinyima kile alichokilipia, na mara nyingi huishia kutoa fedha za hospitali mfukoni mwake. Tena daftari la ajali likisomwa vizuri linafundisha. Likionyesha watu watatu wameanguka mlango ule ule wa stoo, hahitajiki mtaalamu kutoka mbali kujua tatizo liko wapi. Panahitajika tambara, taa, na pengine mfuko mmoja wa saruji.

Na kwa wafanyakazi, tuache kuona haya. Kuanguka kazini si uzembe wa kufichwa wala si kichekesho. Mwenzako akianguka, msaidie ainuke, mpeleke apate matibabu, halafu kubali jina lako liandikwe kama shahidi. Leo ni yeye. Sakafu ile ile kesho utaipita wewe.