Je, Wajua? Loki ya Difu Kabla Hujainunua

Je, wajua kwamba gari likizunguka duara moja kamili, tairi la nyuma la nje hutembea zaidi ya mita tisa kuliko la ndani, na kwamba tofauti hiyo haibadiliki hata duara likiwa dogo la kuzunguka mbuyu au kubwa la kuzunguka uwanja wa mpira? Pima upana kati ya matairi mawili ya nyuma, tuseme mita 1.5, uzidishe kwa pai mara mbili. Jibu ni 9.4. Bila difu, yaani gia zinazoruhusu matairi mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti, tairi moja lingeburuzwa mita hizo zote, na dereva angelipia kwa mpira na kwa shafti.

Difu ni nzee kuliko gari la petroli. Mfaransa Onésiphore Pecqueur, fundi saa, aliipatia hataza mwishoni mwa miaka ya 1820 kwa ajili ya gari la mvuke. Karl Benz aliandikisha gari lake mwaka 1886.

Je, wajua kwamba difu ya kawaida haipeleki nguvu zote kwenye tairi linaloteleza? Madereva wengi husema hivyo, na ukiangalia tairi linavyorusha tope ni rahisi kuamini. Ukweli ni kwamba difu hugawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa, kulia na kushoto, wakati wote. Shida imo humo humo kwenye usawa. Tope likiweza kushika Newton-mita 100 tu upande wa kushoto, tairi la kulia nalo hupata 100, hata likiwa limesimama juu ya mwamba mkavu. Gari la tani tatu haliondoki kwa nguvu hiyo. Loki inavunja usawa huo: inazifunga shafti mbili zizunguke pamoja, na tairi lenye mshiko linachukua kiasi chochote linachoweza kubeba. Ukishalielewa hili, mengine yote kuhusu loki yanajieleza yenyewe.

Je, wajua kwamba tairi moja likisimama kabisa, lenzake huzunguka mara mbili ya kasi inayoonyeshwa na mshale wa spidi? Mshale ukisema 30, tairi lililonasa linazunguka kama la gari lililo kwenye 60. Wakati huo gia ndogo za spaida ndani ya difu zinazunguka kwa kasi ambayo hazikutengenezewa kuivumilia kwa muda mrefu. Oili inachemka, pini ya spaida inaliwa, na difu iliyokuwa nzima asubuhi inaingia gereji jioni. Ukiona tairi linazunguka na gari halisogei, ondoa mguu.

Gari la fowili lenye difu mbili za kawaida linaweza kukwamishwa na matairi mawili tu, moja la mbele na moja la nyuma. Ndiyo maana unaona Land Cruiser Hardtop imekwama kwenye korongo, tairi moja la mbele likielea hewani na la nyuma la upande wa pili likielea vilevile, huku mawili yaliyobaki yakiwa yamesimama kwenye ardhi nzuri bila kufanya kazi.

Sasa kwa mnunuzi. Je, wajua kwamba kitufe kilichoandikwa “diff lock” hakimaanishi kitu kimoja kwenye magari yote? Kwenye Land Rover Defender ya zamani na kwenye Prado nyingi, kitufe au wenzo huo hufunga difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Hakifungi kushoto na kulia. Baadhi ya Prado zina loki ya nyuma pia, nyingine hazina, na kwa nje zinafanana. Land Cruiser za mfululizo wa 70 ambazo fowili yake huingizwa kwa mkono hazina difu ya katikati kabisa, kwa hiyo swichi ya loki ukiiona humo ni ya ekseli kweli. Muuzaji akikuambia gari “lina loki”, muulize ni loki ya difu ipi, kisha umwombe ainue ekseli ya nyuma, afunge loki, azungushe tairi moja kwa mkono. La pili likizunguka upande uleule, loki inashika.

Mercedes-Benz G, gari lililoanza kuundwa Graz, Austria, mwaka 1979, lilipata loki zote tatu katika toleo la 1990, na vitufe vyake vimepewa namba: 1 ya katikati, 2 ya nyuma, 3 ya mbele. Ndio mpangilio unaotakiwa kufuatwa. Toyota nao walifikiri hivyohivyo: swichi yao ya kuzungusha kwenye Land Cruiser hufunga kwanza nyuma, na hatua ya pili huongeza mbele. Huwezi kufunga mbele peke yake.

Kwa hiyo, kama fedha inatosha loki moja tu, iweke nyuma. Gari likipanda, uzito hurudi nyuma, na hapo ndipo mshiko ulipo. Loki ya mbele hufanya usukani uwe mzito na gari ling'ang'anie kwenda moja kwa moja. Ukikata kona kali na kukanyaga mafuta huku mbele kumefungwa, jointi za shafti za mbele ndizo zinazovunjika kwanza, kwa kuwa shafti moja inaweza kujikuta imebeba nguvu yote ya ekseli.

Je, wajua kwamba loki ya hewa maarufu kuliko zote duniani inatoka Melbourne? Kampuni ya ARB ilianzishwa huko mwaka 1975, na jina lake ni herufi za kwanza za mwanzilishi, Anthony Ronald Brown. Hewa kutoka kwenye kompresa ndogo hupita kwenye mrija mwembamba hadi ndani ya difu na kusukuma gia inayofunga. Uzuri wake ni kwamba ukiizima, difu inarudi kuwa ya kawaida kabisa. Udhaifu wake ni mrija huo na ringi za mpira zinazozuia hewa: kijiti porini kikiukata mrija, huna loki. Lakini kompresa hiyohiyo hukujazia matairi, na kwa anayeendesha mbugani faida hiyo peke yake ni kubwa.

Loki ya umeme ya kiwandani kwa Toyota hutumia mota ndogo iliyokaa juu ya difu. Inakaa vizuri ikitumiwa. Ikiachwa miaka bila kubonyezwa, maji na kutu huigandisha mota, na gari nyingi zilizotumika zinazoingia sokoni huja na loki iliyoganda. Ifunge na kuifungua mara kwa mara kwenye vumbi au mchanga, hata kama huihitaji.

Ipo pia loki inayojifunga yenyewe, kama Detroit Locker. Haina waya, mrija wala swichi. Ukikanyaga mafuta imefunga; kwenye kona inaachia tairi la nje lipite mbele. Kwa gari la kazi la shamba ni imara sana. Kwa gari linalobeba abiria kwenye lami iliyolowa siipendekezi, maana inaweza kufunga na kuachia katikati ya kona na kuvuta mkia wa gari.

Difu za kupunguza mtelezo, zile zenye sahani za msuguano, huchakaa kimyakimya na zinadai oili yake maalumu. Torsen, ambayo Mmarekani Vernon Gleasman aliipatia hataza mwaka 1958, haina sahani. Inatumia gia za mshazari na kulipa tairi lenye mshiko mara kadhaa ya kile kilicho upande dhaifu. Tairi likining'inia hewani, mara kadhaa ya sifuri ni sifuri. Humvee za jeshi la Marekani zina difu za aina hii, na madereva wake hufundishwa kukanyaga breki kidogo huku wakitia mafuta, ili tairi la hewani lipate uzito wa kusukumana nao. Mbinu hiyo haisaidii difu ya kawaida, kwa sababu breki hushika pande zote mbili sawa na faida yote hulika hapohapo. Mfumo wa kielektroniki kwenye magari mapya hufanikiwa kwa sababu unabana tairi lile tu linaloteleza. Hata hivyo unasubiri mtelezo uanze ndipo ufanye kazi, na kwenye mchanga mrefu breki hupata moto.

Loki si ya lami, na si ya mteremko wa ubavu. Tairi moja likiteleza kwenye difu ya kawaida, lenzake tulivu huzuia gari lisiserereke pembeni. Ukiwa umefunga, yote mawili huteleza pamoja na gari huporomoka upande wa bonde. Miongozo mingi ya Toyota inataka loki ifungwe gari likiwa limesimama au chini ya kilomita 8 kwa saa, tena kabla ya tope, si baada ya kuzama. Na kwenye udongo mweusi wa mbuga, bonge la difu likishalala chini, loki haiinui gari hata sentimita moja. Matairi makubwa ndiyo huinua.

Kule Kenya, mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, hayashindwi kwa mbio. Mshindi ni aliyefika vituo vyote kwa kutembea umbali mfupi zaidi, yaani aliyethubutu kukatiza makorongo ambayo wengine waliyazunguka. Huko magari yenye loki mbele na nyuma ni jambo la kawaida.

Kabla ya kuagiza, hesabu meno ya mwisho wa shafti, na hesabu meno ya krauni wili na ya pinioni: 37 kwa 9 ni 4.11. Uwiano wa mbele na wa nyuma lazima ulingane, la sivyo ekseli mbili zitavutana kila ukiingiza fowili. Kisha muulize fundi kama ana geji ya saa ya kupimia mchezo kati ya pinioni na krauni. Akisema anapima kwa mkono na kwa sikio, mpelekee fundi mwingine difu yako.